Mfiwa Hapiti Langoni

Kijiji kizima kilijua kwamba Iwao amekufa, isipokuwa wawili tu: mkewe Fusae, na mungu wa bahari. Na mungu wa bahari hakujua kwa sababu aliyekuwa akimpelekea habari kila asubuhi ni huyo huyo Fusae, naye alimwambia kwamba mume wake amechelewa kurudi.

Sasa mtu asije akaniambia mwanamke huyu alikuwa na kasoro kichwani. Akili alikuwa nazo, tena za kugawia majirani. Tangu usichana wake alikuwa akizama baharini bila mtungi wa hewa, kwa pumzi yake mwenyewe, kubandua awabi, yale makombe makubwa yanayong'ang'ania mwambani, na hakuna aliyezijua nyufa za mwamba wetu kumshinda yeye. Mtu mjinga hafanyi kazi hiyo mpaka akaota mvi.

Iwao alitoka peke yake asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja kwenda kuinua vyungu vya kutegea pweza. Siku nyingine zote walikwenda pamoja, lakini siku hiyo Fusae alikuwa na mafua, na mpiga mbizi mwenye mafua hazami, masikio humpasuka. "Wewe lala," Iwao alimwambia akivaa viatu vyake vya mpira, "nikirudi nitakupikia uji." Mashua ilikutwa nyuma ya rasi, injini inanguruma yenyewe, vyungu viwili vimekwisha kupandishwa, na glovu moja ya mkono wa kushoto imelazwa juu ya ubao. Askari wa pwani walitafuta. Wavuvi walitafuta. Fusae naye aliinuka na mafua yake akaenda kupekua chini, ufa kwa ufa, mpaka wenzake wakamtoa kwa nguvu, midomo imegeuka rangi. Hawakupata hata kifungo cha shati.

Sasa sikiliza jambo lilivyo kwetu. Nyumba iliyofiwa ina kitu, sijui nikiiteje, tuseme ina unajisi wa kifo. Si uchafu wa kuoga ukatoka, wala si aibu. Lakini kwa siku hamsini mfiwa hapiti chini ya lango la hekalu, asimpelekee mungu harufu ya mauti. Na kile kijumba cha miungu tunachokiweka juu ukutani majumbani mwetu hufunikwa karatasi nyeupe, na karatasi hiyo habandiki mtu wa nyumba ile. Hubandika jirani, kwa sababu mikono ya wafiwa nayo ina msiba, na zile siku hamsini huanza kuhesabiwa hapo. Hata mtoto wa chekechea anayajua hayo.

Fusae aliyajua, akayageuza. Mfiwa hapiti langoni. Mimi napita langoni. Basi mimi sijafiwa. Akawa anapita kila alfajiri, mvua inyeshe, upepo uvume, na hakuna aliyemweza.

Wa kwanza kujaribu alikuwa Tomeko, jirani yake, mpiga mbizi mwenziwe waliyeanza kuzama pamoja wakiwa wasichana wenye mikia ya nywele. Wiki ile ile mashua ilipopatikana alikuja na karatasi nyeupe kwapani na kikombe cha gundi ya wali, akasimama jikoni kama mtu aliyekuja kuazima chumvi.

"Mama Chigusa, nimekuja kukusaidia lile jambo."

"Jambo gani?"

"Lile la juu ukutani."

Fusae alikuwa anakoroga supu. Aligeuka na upawa mkononi, supu ikamchuruzika mpaka kwenye kiwiko na hakuifuta.

"Tomeko, ukibandika hiyo karatasi kwangu, nitakubandika wewe mlangoni."

"Haya, naondoka nayo, shoga yangu. Lakini siitupi."

"Kafungie samaki."

Tomeko aliikunja karatasi yake akaenda zake, na kuanzia siku hiyo wawili hao walizungumza kila kitu duniani isipokuwa hicho. Nyumbani mwake Fusae aliendelea kumwandalia Iwao chakula kila jioni, bakuli la wali lenye kifuniko na vijiti vimelazwa kando, vile tunavyomwekea mtu aliye safarini. Baadaye alifunua bakuli akatazama chini ya kifuniko. Kikiwa na matone, msafiri wako mzima. Kila jioni kilikuwa na matone.

Huyu Iwao mwenyewe si mtu wa bahari, na hapo ndipo penye uchungu. Wazazi wake walilima chai milimani, mahali ambapo maji mengi zaidi aliyoyaona ni ya kisima. Alikuja kwetu akiwa kijana, kibarua wa kujenga ukuta wa bandari, na siku yake ya kwanza kazini alimwona msichana anajitosa majini. Akangoja aibuke. Msichana haibuki. Iwao akaangusha koleo, akapiga mayowe mpaka watu wakatoka majumbani. Fusae akaibuka na awabi mkononi, akavuta pumzi kwa ule mluzi wetu wa wapiga mbizi, akauliza, "Nani amekufa?" Iwao akasema, "Wewe." Walioana mwaka uliofuata, na utani huo haujaisha mpaka leo.

Anayezama kina kirefu hufungwa kamba kiunoni, na mwisho wa pili wa kamba hushikwa na mumewe juu ya mashua. Ndugu hapewi, rafiki hapewi, hupewa mume, maana ndiye atakayelala na njaa asipomvuta mkewe. Mke akiishiwa na pumzi hutikisa kamba mara mbili. Watu walicheka sana Fusae alipomkabidhi kamba yake mtu wa milimani asiyejua hata kuogelea, na ambaye mwaka wa kwanza wote alikuwa akitapika kabla mashua haijatoka bandarini. Mama yake Fusae alimwambia waziwazi, "Mwanangu, unajizika."

Iwao hakubishana na mtu. Alivuta kamba vile alivyokuwa akivuta ndoo kwao: mavuto matatu mafupi ya kuiamsha, halafu moja refu la kuipandisha. "Ndoo ukiivuta kwa pupa inamwagika," alisema, basi, huo ndio ulikuwa ujuzi wake wote. Fusae akishaibuka hushika ukingo wa mashua, hupiga mluzi wake, husema, "Leo mtu wa milimani umevuta vizuri." Akiwa amenuna husema, "Leo umevuta ng'ombe." Iwao naye hujibu lile lile kila siku, "Leo ndoo ilikuwa nzito." Miaka ilipita hivyo. Walizeeka ndani ya mashua moja, wakamsomesha binti yao Chigusa akapata kazi mjini Nagoya, na mtu wa milimani hakuwahi kumwangusha mkewe hata siku moja.

Basi fikiria mwenyewe mambo aliyokuwa akimwambia mungu. Hekalu letu liko juu ya kilima kidogo cha misonobari, lango lake la mbao jekundu limefifia kwa chumvi. Fusae alinawa mikono, akasukutua, akainama mara mbili, akapiga makofi mawili, na kuanzia hapo ikawa ugomvi. "Bwana wangu, awabi wa kwanza wa kila msimu nimekuletea wewe, na sijawahi kukuletea mdogo. Binamu zangu wawili ulinichukulia, nikanyamaza. Lakini huyu si wako. Huyu ni wa milimani, hata kuogelea hajui, utafanya naye nini huko? Nirudishie." Alisema kwa sauti. Kasisi wa hekalu, mzee Ukita, alikuwa akifagia majani hapo hapo uani na hakujisumbua kujifanya hasikii.

Mwezi wa tatu msimu wa kuzama ulifunguliwa, na bahari ilikuwa na roho mbaya. Awabi hawakuonekana. Wanawake walirudi na vikapu vyepesi, wakaketi kibandani kuzunguka moto, wakichoma viazi vitamu na kutafuta wa kumlaumu.

"Mnaona wenyewe," alisema mmoja, akigeuza kiazi chake. "Kuna mtu anamkera mungu."

"Mtaje," alisema Tomeko. "Hapa hakuna serikali."

"Nimtaje wa nini? Mfiwa anapita langoni tangu mwaka jana, sisi tunakula hasara. Wewe mwenyewe sikio linakutoka damu."

"Sikio linanitoka damu kwa sababu nina miaka sabini na sitaki kushinda nyumbani na mkwe wangu. Mungu usimsingizie."

Wakacheka. Walikuwa bado wanacheka Fusae alipoinama kuingia, maji yanamtiririka, na kicheko kikakatika kwa mkupuo. Aliketi, akachukua kiazi, akakimenya taratibu.

"Endeleeni," alisema. "Hapo penye mkwe ndipo palipokuwa patamu."

Lakini kesho yake, akitoka kugombana na mungu wake, alisimama mbele ya ufagio wa kasisi.

"Mzee Ukita, wamekuja kunishtaki?"

"Wamekuja."

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia sijapata habari ya msiba. Habari ya msiba huletwa na mwenye nyumba." Alisukuma majani kidogo. "Siku ukiniletea, nitaipokea. Usiponiletea, mimi nafagia."

Fusae aliinama akaondoka. Njiani alilia, na ilikuwa mara ya kwanza, kwa sababu mtu alikuwa amemwonea huruma na huruma ile ilimuuma kuliko masengenyo ya kibandani.

Chigusa alikuja mwisho wa mwezi huo, amechukua likizo. Alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye nywele fupi na uso wa baba yake, na alikuwa ameahidi moyoni kwamba safari hii hatagombana. Ahadi hiyo ilidumu mpaka chakula cha jioni, mama yake alipoweka lile bakuli la tatu.

"Mama, huu ni wali wa msafiri."

"Ndiyo."

"Baba si msafiri."

Fusae alifunua bakuli akamwelekezea kifuniko. "Ona. Kina matone. Mzima huyo."

"Wali wa moto ukifunikwa lazima utoe matone. Hata ningefunika wali wa paka ungetoa matone."

"Paka naye mzima."

Chigusa alicheka bila kutaka, na kicheko kikageuka kilio hapo hapo, akaweka vijiti chini. "Mama, sikia. Mwezi wa nane wafu wote wanarudi makwao. Kila nyumba hapa itawasha taa mlangoni wamwonyeshe mtu wao njia. Sisi hatujamwita mtawa amsomee baba sala na kumpa jina jipya la wafu, hana ubani, hana taa. Atakuja mpaka hapo njiani, ataona nyumba yake ina giza, atapita. Hajui hata kuogelea, mama. Atakwenda wapi?"

Fusae alikuwa hajayafikiria maneno hayo. Alikuwa amejiandaa kwa wote wanaomwambia amwache Iwao, na huyu binti alikuwa anamwambia kwamba yeye ndiye anayemfungia mlango. Aliondoa vyombo, akaosha bakuli la tatu, akalifuta muda mrefu.

"Kesho nataka kuzama nyuma ya rasi," alisema hatimaye, mgongo kwa binti yake. "Kule kina ni kirefu. Sina wa kunishikia kamba."

"Nitakushikia mimi."

"Wewe? Wewe unatapika ukiona mashua kwenye picha."

"Nitatapika, na nitakushikia."

Kwa kweli alitapika kabla hawajaupita ukuta wa bandari, ule aliojenga baba yake. Fusae alizima injini nyuma ya rasi, mahali palepale mashua hiyo ilipokutwa bila Iwao. Alijifunga kamba kiunoni, akamwekea binti yake ule mwisho mwingine mikononi, akamwambia, "Nikitikisa mara mbili, usifikiri, vuta." Akalikumbatia jiwe la kushukia, akajiachia.

Maji ya mwezi wa tatu hukata. Alishuka mpaka chini, akaliacha jiwe, akaanza kupapasa nyufa. Alimwona awabi mkubwa, akambandua kwa mazoea tu, maana hakuja kwa ajili ya awabi. Alichungulia kila shimo. Alichotafuta ni glovu ya mkono wa kulia, au kiatu cha mpira, au mtu mwenyewe, amekaa mahali amechoka, anangoja mkewe amfuate. Aliona mwani ukienda na kurudi. Kifua kikaanza kumbana, akakaa bado. Kikabana zaidi. Nasema wazi, kwa kitambo kidogo aliona afadhali akae huko huko. Mkono ndio uliokataa. Ulikwenda wenyewe kwenye kamba, ukatikisa mara mbili.

Kamba ikajibu. Mavuto matatu mafupi, halafu moja refu.

Mwili wake ulijua kabla ya kichwa. Ndoo iliamshwa, ndoo ikapandishwa, na Fusae akalegea mzima mzima kama alivyolegea miaka yote ile, akajiacha apandishwe. Hakukumbuka Nagoya, hakukumbuka likizo wala binti. Iwao alikuwa juu. Kumbe alikuwa juu siku zote, na yeye mjinga anamtafuta chini. Matatu mafupi, moja refu. Furaha aliyoipata kwenye maji yale hakuwahi kuipata siku ya harusi yake, na alipanda nayo mpaka kwenye mwanga.

Akapasua maji, akashika ukingo wa mashua, mluzi ukamtoka. Macho yalikuwa bado na chumvi.

"Leo mtu wa milimani umevuta vizuri," alisema.

Hakuna aliyemjibu kwamba ndoo ilikuwa nzito. Akafuta macho. Chigusa alikuwa amepiga magoti mashuani, matapishi kidevuni, viganja vimechunika kwa kamba.

"Mama," alisema. "Ni mimi."

Fusae alimtazama. Alitazama nyuma yake pia, kwenye sehemu ya nyuma ya mashua, ambako hapakuwa na mtu.

"Nani kakufundisha kuvuta hivyo?"

"Baba. Nikiwa mdogo alikuwa ananisimamisha mbele yake, mikono yangu chini ya mikono yake. Alisema mama yako havutwi ovyo ovyo, anakasirika."

Yule awabi alimponyoka mkononi akarudi chini, na Fusae hakumfuata kwa macho. Watu watakwambia Iwao alikufa mwezi wa kumi na moja, na imeandikwa hivyo kwenye jiwe lake. Lakini mkewe alifiwa naye pale, mwezi wa tatu, jua limeshatoka, akiwa ameng'ang'ania ubao wa mashua, binti yake amemshika mikono miwili hataki kumwachia. Alilia kwa sauti ambayo Chigusa hakuwahi kuisikia kwa mama yake. Alilia mpaka baridi ikaanza kumtetemesha, ndipo alipokubali kupandishwa.

Alfajiri iliyofuata aliamka saa zake, akavaa nguo zake za kila siku, akachukua kijikapu chake cha sadaka chenye mchele na chumvi. Tomeko alikuwa njiani, sikio limezibwa pamba, akafuatana naye kupanda kilima huku akimsimulia vituko vya mkwe wake. Safari hii mkwe alikuwa ametupa ndoo nzuri kabisa ya achari, eti inanuka. Wakafika langoni. Tomeko akainama, akapita, akaendelea na hadithi yake. "Nikamwambia, we binti, na mimi nanuka, utanitupa lini? Unajua alinijibu nini?"

Fusae hakuuliza alijibu nini. Tomeko akageuka.

Mwenzake alikuwa amesimama nje ya lango, pembeni ya nguzo, miguu pamoja, kijikapu amekishika kwa mikono miwili. Ndani ya ua, ufagio wa mzee Ukita ulinyamaza.

"Mbona umesimama?" Tomeko aliuliza, ingawa alikwisha kuona.

"Leo siingii. Utanisalimia mungu."

"Nimwambie utakuja kesho?"

"Usimwambie hivyo."

Mzee Ukita aliegemeza ufagio kwenye mti, akamwinamia Fusae kutoka kule kule alikokuwa, chini kabisa, na hakuinuka upesi. Fusae naye akainama. Habari ilikuwa imepokewa.

Tomeko alirudi, akatoka langoni, akaja akasimama mbele yake. Wanawake wawili wenye masikio yaliyoharibiwa na bahari.

"Tomeko. Ile karatasi yako, uliifungia samaki?"

"Nilikwambia siitupi."

"Basi njoo uibandike. Chigusa yupo, ila yeye haruhusiwi. Na mimi siruhusiwi. Mimi nimefiwa."

Tomeko alimpokea kijikapu, akamshika mkono, wakateremka pamoja kwenda kupika gundi.